Msiba wa Jirani

Alhamisi mchana, Goweko.

Jua la mwezi huu wa kumi halina adabu. Miti imebaki vijiti, mvua haijasema itakuja lini, na vumbi limeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Ninaandika nikiwa juu ya kichuguu, nyuma ya bani la zamani la kukaushia tumbaku, kwa sababu hapa tu ndipo mtandao unapofika bila kubembelezwa. Ni kichuguu kilekile. Sikutaka kukipanda tena, lakini kuna jibu nalisubiri, na haliwezi kunifikia nikiwa nimekaa kule chini na wenzangu.

Bibi yangu alizikwa juzi. Sikuwepo kaburini.

Nilikuwa hapahapa, naona migongo ya watu.

Nina shahada ya uzamili ya uchambuzi wa data. Siku hizi naitaja kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Nilipohitimu nilirudi Tabora kwa muda mfupi, ndivyo nilivyowaambia watu, nikapanga chumba mjini, mtaa wa Mtendeni, nikisubiri kazi ya Dar au Dodoma. Muda mfupi huo sasa umeingia mwaka wa tatu. Ninachofanya ni kuwachambulia wanafunzi wa vyuo data za tasnifu zao, kisha wao wanapata kazi kabla yangu. Matangazo yote yanataka uzoefu. Uzoefu unapatikana kazini, na kazini huingii bila uzoefu. Hata hao wanafunzi wameanza kupungua, maana ukiiuliza kompyuta yenyewe inakuchorea chati na kukuandikia maelezo, tena haidai hata chai.

Nimefundishwa kutazama namba zinaelekea wapi. Sasa nitajidanganya vipi kuhusu za kwangu?

Bibi hakuwahi kuelewa nilichosomea, wala hakujifanya anaelewa. Wageni wakimuuliza aliwajibu, "Amesomea kuhesabu watu waliokwisha kuhesabiwa," halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi ni wajina wake. Yeye Nyamizi, mimi Nyamizi. Mama yangu, ambaye alirudi kuishi naye hapa Goweko baada ya baba kufariki, hajawahi kuniita kwa jina hilo, kwa sababu ni jina la mama yake mzazi. Tangu nizaliwe ananiita mama. Nikiwa bado najikojolea nilikuwa mama. Nikirudi likizo na begi la nguo chafu, nilikuwa mama, karibu mama, umekonda mama.

Wiki iliyopita kampuni moja ya Dar iliniita kwenye usaili wa mwisho kwa njia ya video. Katika maombi yangu yote hakuna lililowahi kufika hatua hiyo. Usaili ulikuwa Jumanne asubuhi. Jumapili bibi akafariki, mazishi yakapangwa Jumanne saa nane mchana. Nilikaa nikilia na huku moyoni nasema afadhali, vyote viwili vitawezekana. Jumatatu jioni ukaja ujumbe kwamba usaili umesogezwa mbele. Saa nane.

Ningeweza kuandika sentensi moja tu. Nimefiwa, naomba siku nyingine. Nani angeninyima? Lakini mtu ukiomba kazi muda mrefu unajifunza kujionyesha huna shida yoyote duniani. Niliogopa kwamba yupo mwenzangu anayesubiri zamu yake, na huyo hana msiba. Basi nikapiga hesabu zangu. Ibada itachelewa, kwaya itaimba sana, wajomba watasoma historia ya marehemu mpaka watu wasinzie, na usaili wenyewe hautafika nusu saa. Nitashuka kabla udongo haujaanza kutupwa.

Huyo ndiye mtaalamu wa makadirio.

Jeneza lilipotolewa ndani nilirudi nyuma taratibu, nikachukua kompyuta, nikapanda. Juu nilivaa blauzi nyeupe ya ofisini, chini khanga ya msiba. Jopo lilikuwa la watu watatu. Niliwaonyesha chati zangu na nilizieleza vizuri, hilo nalisema bila aibu, kwa dakika chache nilikuwa mtu niliyesomea kuwa. Kisha kilio kikaanza. Katekista hakuchelewa. Wajomba hawakusoma kwa urefu. Dada mmoja kwenye jopo akanisimamisha.

"Samahani, hapo ulipo kuna nini? Kama si wakati mzuri tunaweza kupanga siku nyingine."

Aliniambia hivyo kwa upole kabisa. Alinifungulia mlango nikashindwa kupita.

"Hapana dada, ni msiba wa jirani tu. Tuendelee."

Sentensi hiyo nimeiandika. Nilidhani nikishaiandika itapungua uzito, haikupungua.

Haukupita muda mtandao ukakatika. Nilinyanyua kompyuta juu, nikaizungusha huku na huku, nikaita haloo, haloo, kama mwehu. Sura zao zilibaki zimeganda vinywa wazi, halafu zikapotea. Nilipogeuka nikamwona Bi Mwanaidi amesimama chini ya kichuguu.

Bi Mwanaidi ni Mzaramo. Alikuja Tabora akiwa msichana, na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli, akabaki. Ana hoteli ndogo Mtendeni, na mimi ni mteja wake wa maharage. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Hakasirikiwi. Yeye na bibi walitaniana maisha yao yote. Bibi akija mjini alifikia kwake, wanatukanana kutwa na jioni wanagawana ugoro. Siku alipofika hapa msibani alianza kupiga kelele tangu barabarani, "Nyamizi, amka unirudishie sufuria yangu!" Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, na mama pia.

Juzi alikuwa ametumwa kuja kuniita. Kwetu hapa wajina wa marehemu ndiye anayetangulia kutupa udongo, na watu walikuwa wamesimama wananisubiri. Alikuwa amenisikia yote niliyosema. Aligeuka, akaenda zake.

Nilipofika, walikuwa wamekwisha kuzika bila mimi, wanaume wanasawazisha tuta kwa majembe. Mama alinisogezea nafasi ubavuni pake, akanishika mkono. Alidhani nilizidiwa na uchungu nikajificha kulia. Nikamwacha adhani hivyo.

Jana jioni, watu walipomaliza kula, Bi Mwanaidi akasimama katikati ya uwanja. Alikuwa amelichana boksi la sabuni akalikunja likawa kompyuta. Akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akaketi, akalifungua lile boksi mapajani, akajitengeneza kola.

"Haloo! Haloo Dar! Mnanipata?"

Watoto walishaanza kucheka. Akanyanyua boksi juu, akalizungusha.

"Data zangu zinaonyesha hapa amekufa mmoja na wanaokula ni mia! Enhe? Mnasema mnasikia kilio?"

Akabadili sauti, ikawa nyembamba ya kizungu. "Kwani hapo kuna msiba wa nani, binti?"

Kisha akarudisha sauti yangu. Aliipatia hasa.

"Aah, jirani tu! Tuendelee!"

Uwanja mzima ukalipuka. Mjomba mmoja alianguka kwenye mkeka. Bi Mwanaidi akateremka kwenye ndoo akanielekezea kidole.

"Wanyamwezi ninyi! Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka kwetu pwani kwa miguu, na bado walirudi kwao kuzika. Huyu mzigo wake unaingia kwapani, na umemshinda kushuka nao kichuguu!"

Nilicheka. Ukitaniwa unacheka, ndiyo sheria. Nilicheka huku naona kicheko kikizimika kidogokidogo upande wa wanawake, kuanzia mkeka aliokaa mama. Yeye hakucheka tena. Alikuwa ananitazama tu, na nikajua ameelewa nilikuwa wapi na nilisema nini.

Hajaniuliza. Natamani angenigombeza. Tangu jana ananiita wewe. Wewe, chota maji. Wewe, wape wageni viti. Anaisema kwa sauti ya kawaida, na kila akiisema nahisi nimeondolewa kitu mwilini.

Asubuhi hii Bi Mwanaidi alipokuwa anafunga mizigo kurudi mjini nilimpelekea chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenikasirikia?"

"Siwezi kukukasirikia, ni utani."

"Basi mimi nimekukasirikia," akasema, akapokea kikombe. "Yule alikuwa wangu. Nimebaki na nani sasa wa kumtukana?" Akaanza kulia palepale, chai ikimwagika kwenye khanga yake. Nilimshikia kikombe tu.

Nilipanda huku baada ya yeye kuondoka. Nilikuwa nimewaandikia wale wa Dar juzi ileile, nikiomba radhi kwa mtandao na kuwasihi wanipe nafasi ya kumalizia. Jibu limeingia sasa hivi, nikiwa katikati ya kuandika haya. Wananishukuru kwa muda wangu. Wamempata mwingine. Wananitakia kila la heri. Mwishoni, yule dada ameongeza mstari wake mwenyewe.

"Pole pia kwa msiba wa jirani yako."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko nilivyosoma habari ya kukosa kazi. Kazi nimeikosa, na inaniuma, sitajifanya haiumi. Sijui nikirudi Mtendeni nitaanzia wapi, na sina hakika kama nina nguvu ya kuandika tena kwamba mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Uongo wangu haukunipa hata hiyo kazi. Laiti ningesema kweli, ningepewa siku nyingine, na ningekuwa nimesimama pale mbele na udongo mkononi. Vyote viwili kweli vingewezekana.

Nimemjibu. Sikuomba chochote. Nimeandika: "Dada, asante. Hakuwa jirani. Alikuwa bibi yangu mzaa mama, na nimepewa jina lake." Nimebonyeza tuma, duara likazunguka, likazunguka, ujumbe ukaenda.

Sasa inabidi nikaseme maneno hayohayo kwa mtu mwingine, na huyo hayuko Dar. Naogopa kuliko nilivyoogopa jopo. Nitamwambia nini? Kwamba nilimkana mama yake kwa sababu ya watu watatu nisiowajua? Pengine nitamwomba tu twende wote kaburini, nikatupe udongo wangu uliochelewa.

Huko chini mama anaita. Upepo unachukua maneno, naipata sauti tu, sijui kama ananiita wewe au ananiita mama. Nafunga kompyuta. Nashuka kabla hajachoka kuita.