Viroboto wa Shani

Jumatatu, 3 Machi 1952
Viroboto kumi na mmoja. Jana tisa. Nawatoa kwa chanuo la marehemu mke wangu, nawatumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni. Shani ananing'ata kidole lakini anakaa. Paka wa marehemu huyu, jeuri kama mwenyewe.

Mwanangu Mwanahawa ana siku kumi na mbili tangu ajifungue. Uzazi wa kwanza hulelewa kwao mwanamke, na kwao nimebaki mimi. Dada yangu huja kumkanda. Mtoto ana vipele miguuni.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja mkwe wangu wa Msasani, mama yake mume wa Mwanahawa. Kamfunua mjukuu, kahesabu vipele kwa sauti. "Paka huyo, mkwe. Nyumba haina mwanamke, utatarajia nini?" Kanipa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Vipele visipoisha, anamchukua mzazi na mtoto kabla ya arobaini. Temeke nzima itajua nimeshindwa.

Nimeona haya. Hasira pia. Kumtupa Shani siwezi.

Ijumaa, 7 Machi
Tangu juzi Shani yuko jikoni, mlango umefungwa. Kwenye chanuo, viroboto wawili tu. Mtoto kang'atwa vilevile. Mwanahawa mgongo wote. Sielewi.

Jumamosi, 8 Machi
Jirani yangu hupulizia dawa ya mbu majumbani. Kanipa unga wake mweupe kwenye kopo la maziwa. Kasisitiza: sakafuni tu. Nikanyunyiza sakafu ya jikoni. Ukabaki mwingi. Nikampaka Shani, mgongo, tumbo, mpaka nyuma ya masikio. Hakuning'ata.

Sasa anajilamba. Msafi sana paka huyu.

Jumapili, 9 Machi
Anatetemeka. Miguu haimbebi. Nimempa maziwa, yamerudi na povu. Jirani kaniuliza kama nilimpaka. Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Kafa kabla ya adhuhuri. Nimemzika chini ya mpapai. Nimemuua mimi, si dawa. Niliambiwa sakafuni.

Jumanne, 11 Machi
Vipele vipya vitano. Paka hayupo na mtoto bado anang'atwa!

Mwanahawa alipokuwa bafuni na shangazi yake, niliingia chumbani. Baba hagusi kitanda cha mzazi, ndiyo maana sikuwahi kutazama. Nikalitoa godoro juani, nikalipiga fimbo. Viroboto wakaruka mpaka kwenye kikoi changu.

Godoro la usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Zawadi ya mkwe, alilileta mwenyewe kwa ajili ya uzazi. Mwanahawa anasema lilikuwa kwenye banda la mbuzi la wakwe tangu mwaka jana. Alijua, akaona aibu kusema.

Nimechoma usumba wote. Kitambaa nimekichemsha, nimejaza sufi. Mkono unauma.

Jumamosi, 15 Machi
Mkwe kaja. Kamfunua mtoto, miguu laini. Kalikalia godoro, kalibonyeza, kalisifu. "Umeona, mkwe? Ni yule paka."

Mwanahawa kanitazama. Mkwe haumbuliwi, tena mbele ya mwanao. Nikasema, "Kweli, mkwe wangu."

Watakaa hadi arobaini. Baadaye watakwenda Msasani, na godoro lao.

Chanuo liko dirishani. Lina manyoya ya Shani katikati ya meno. Sijaliosha.