Tabliye Aliyoichukua Kamanda

Papa Mbusa,

Nimeketi kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, ndani ya chumba cha giza, na mlango nimeuacha wazi ili nisikie gari. Najua ungenigombeza. Chumba cha kusafishia filamu hakiachwi wazi hata kama hakuna kazi. Lakini filamu zimeshakauka, na leo naogopa giza. Miaka yote hii umenifundisha kazi ya gizani, na leo naogopa giza kama mtoto.

Kamanda amerudi. Yule aliyechukua tabliye yetu, lile vazi zito la kukinga miali ya mashine. Alikuja asubuhi, akaitupa juu ya meza ya wagonjwa, akasema atarudi saa tisa kuchukua jibu. Sasa ni saa nane na kitu, na jibu lake ninalo hapa, linaning'inia kwenye kamba ya kuanikia.

Ngoja nikueleze pole pole, maana mengi yamepita tangu tulipokuzika.

Kwanza, mimi ndiye chef sasa. Cheka. Matanga yako yalipoisha daktari mkuu aliniita, akanipa karatasi yenye muhuri: Kavira, chef wa service ya radio, yaani mkuu wa picha za eksirei. Service yenyewe ni mimi na ile mashine. Nilimwambia sina brevet, cheti cha kazi hii, kwamba vita ilinifungia njia ya Kisangani kabla sijaingia chuo, na kwamba kusoma picha ya mfupa nimefundishwa na wewe tu. Akajibu kwamba njia zikifunguka jury ya Beni, wale watahini, itanisikiliza, kama ulivyokuwa ukiwaomba. Nilitoka na karatasi yangu, nikaenda nyuma kule kwenye mikaratusi, nikalia. Siku hiyo nilikuwa nimeshaipanga kichwani tangu zamani, na katika mpango wangu ulikuwepo, umevaa koti lako la misa, ukiwasumbua wauguzi wote kwa kuwaambia kwamba binti wa muuza viazi wa Kirumba sasa ndiye anayesoma mapafu ya watu.

Pili, nina mimba. Kasereka, mume wangu, anafurahi, anatembea mtaani kama mtu aliyenunua lori. Mimi silali. Yeye anajua miali ni kitu cha hospitali, basi. Mimi najua ni nini, kwa sababu ulinieleza vizuri mno. Ulisema hatuioni, haiumi, haina harufu, na mtoto aliye tumboni ndiye wa kwanza kuumia. Wakati ule niliandika kichwani kama somo. Sasa somo hilo linanilalia kifuani kila nikibonyeza kitufe, na tabliye ya kunikinga haikuwepo.

Siku ilipochukuliwa unaikumbuka kuliko mimi, lakini mimi niliitazama kutoka nyuma ya ukuta, kupitia kile kidirisha cha kioo kizito. Walikuwa wamemleta askari aliyevunjika mkono. Kamanda aliingia naye. Akakuona umevaa tabliye, akaigusa, akashangaa uzito. Akauliza ndani mna nini. Ukamwambia mna plomb, madini mazito. Akauliza kama inazuia masasi ya bunduki.

"Hapana, mon commandant," ukamwambia. "Hii inazuia tu miali ya mashine. Sasi inapita."

Akacheka, akakuvua mwenyewe, akaivaa. Na hapo, Papa, naomba radhi kusema hivi kwa mtu aliyelala, ulifanya jambo ambalo ungeweza kulifanya wewe tu. Mtu mwingine angenyamaza. Wewe ulianza kumsihi namna ya kuitunza. Asiikunje. Aitundike. Asiiweke chini ya mzigo, kwa sababu ikikunjwa inapasuka kwa ndani na macho hayataona. Ulikuwa umemshika mkono karibu unalia. Nani angeona mzee anasihi hivyo kwa ajili ya nguo, akaamini kwamba nguo hiyo haizuii masasi? Niliona usoni mwake jinsi bei yake ilivyopanda kwa kila neno ulilosema. Nilitaka kutoka nikuzibe mdomo. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, halafu nacheka, halafu tena nakasirika.

Baada ya hapo ulifanya kazi bila kitu. Kila mtoto aliyehitaji kushikwa mezani ulimshika wewe, mimi ukinisukuma nyuma ya ukuta kwa kiwiko. Kisha ukapanda gari la Beni, kuomba tabliye kuukuu katika hospitali ya huko, na kuwakumbusha wale wa jury kuhusu mimi. Gari lilipigwa masasi mbele ya Maboya. Walikuleta umefunikwa kitenge cha mama mmoja aliyekuwa ndani ya gari hilo hilo. Nani alipiga, hakuna anayejua. Kila mtu ana jina lake la kutaja na hakuna anayelitaja kwa sauti. Lakini mimi najua ulikuwa unafuata nini katika njia ile.

Basi leo asubuhi nilipomwona kamanda mlangoni, nilirudi nyuma hadi ukutani. Aliuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia umekufa. Akasema pole, akatazama dirisha kidogo, kisha akaniambia shida yake.

"Mbusa alisema ikikunjwa inapasuka. Batoto yangu ya jeshi balikuwa banalala juu yake. Kesho tunapanda front ya vita. Ipige radio, uniambie kama iko muzima."

Unaona? Alikusikiliza. Katika yote uliyomwambia siku ile, alishika hilo moja.

Nikaipiga picha kama ulivyonifundisha, nimeitandaza juu ya meza, kipande baada ya kipande, kwa filamu zile za zamani ulizokuwa umezificha. Penye plomb nzima filamu ilitoka nyeupe, kama inavyotakiwa. Lakini kifuani, Papa, na kiunoni pote palipokunjwa, mistari myeusi imekwenda kila upande, kama ukuta wa udongo uliokauka kabla ya kupakwa. Sehemu ya chini tu, kwenye mapaja, ndiyo imebaki safi.

Sasa nikwambie kile ninachoogopa. Siogopi tu kwamba nikimwambia imepasuka atasema hospitali ndiyo iliyoiharibu. Siogopi tu kwamba wale vijana wake wataniburuta. Hayo naogopa, ndiyo. Lakini kuna neno moja limekaa mdomoni mwangu na haliondoki. Muzima. Nikimwambia iko muzima, ataniachia salamu, ataivaa, na kesho atasimama front kifua mbele. Sitamgusa. Hakuna atakayeniona. Njia ya Beni ilikuchukua kwa ajili ya nguo hii, na nguo hii hii inaweza kumchukua yeye. Nimelirudia neno hilo kwa sauti, peke yangu humu, kuona kama linatoka. Linatoka vizuri sana.

Ulikuwa ukinifundisha kwamba picha si yetu, sisi tunasema kilichomo. Rahisi kusema, ukiwa na mgonjwa wa nimonia. Ungesema nini leo? Usinijibu. Naogopa utasema lile lile.

Gari. Naacha hapa.

Ni asubuhi, siku mbili zimepita. Nimeisoma upya karatasi hii nikataka kuichoma, halafu nikaona nitakuwa nimekuficha.

Aliingia na watu wawili. Nilishika filamu, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha ili nisimwangalie. Akauliza, iko muzima? Nikageuza filamu upande wa pili. Akauliza tena. Nilikuwa nimelitayarisha neno langu, Papa, nakuapia, lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikageuka nimjibu, nikaona kola ya shati lake imeshonwa kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani, kwa mkono, vibaya, kama mtu aliyejishonea mwenyewe. Sijui kwa nini kitu kama hicho. Mdomo wangu ukasema:

"Imepasuka, mon commandant. Na hata ingekuwa muzima, haizuie sasi. Papa Mbusa alikuambia."

Kijana mmoja aliniangalia mimi, akamwangalia mkubwa wake. Kamanda akachukua tabliye kutoka mezani, akanipa mikononi, akasema nitoke nje nayo. Nilitoka. Nilidhani atanivalisha aijaribu sasi juu yangu. Nilisimama kwenye majani nimeikumbatia mbele ya tumbo, na yeye akaniangalia uso, kisha tumbo, kisha tena uso, na mimi nilikuwa nasali ile sala fupi ya mama yangu na hata maneno yake yalikuwa yamenipotea. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walikuwa wamekwisha kukimbia ndani. Mama mmoja alivuta mtoto wake kwa mguu.

Akaninyang'anya tabliye, akaitundika kwenye uzio wa mbao, pale wanapoanikia mashuka, mbele ya mkaratusi. Akarudi nyuma, akapiga sasi moja.

Nilijikojolea. Wewe naweza kukuambia.

Nilipofungua macho alikuwa pale kwenye uzio. Alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu la kifuani. Akazunguka upande wa pili, akalikuta sasi limeingia ndani ya mti, akaligusa pia. Vijana wake walikuwa wananong'ona kwa Lingala. Aliporudi hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu hasira ningejua la kuifanya.

"Kumbe muzee hakukuwa na sema uongo," akasema. Kisha akanisogelea, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Na weye. Juu ya nini haukuniacha niende nayo?"

Alisubiri jibu kwa kweli, kama mgonjwa anavyosubiri. Alikuwa amelisoma lile neno langu, Papa, sijui kwa picha gani. Halafu akapanda gari, wakaondoka kuelekea Beni, na tabliye ikabaki imening'inia uzioni na tundu lake.

Kesho yake kulipopambazuka niliipeleka sokoni kwa fundi Idi, yule Mwislamu anayeshona karibu na maegesho ya malori ya Kirumba. Nilimwonyesha kwenye filamu sehemu iliyo safi, akaikata, akaukunja ukingo mara moja tu kwa upole kama nilivyomwomba, akaitia mikanda. Amelalamika juu ya sindano zake tangu alipoanza hadi alipomaliza. Imekuwa kama aproni fupi ya mama wa jikoni. Inafunika kuanzia kitovuni kwenda chini. Kifua kiko wazi, lakini kifua ni changu mwenyewe.

Mtoto bado sijamsikia akicheza. Daktari anasema ni mapema, nisijitie wazimu. Namwitikia ndiyo daktari, nikirudi humu nahesabu picha nilizopiga bila kinga tangu ulipoondoka, nashindwa kumaliza, naanza tena. Kila nikilala naweka mkono hapo nikisubiri. Hofu hii haina gari la kuondoka nalo, Papa. Iko nami kazini, iko nami misani, inakula nami ugali.

Daktari mkuu amesema ile habari ya uzio imefika Beni, na watu wa jury wameuliza ni nani yule msichana. Wanasema watakuja njia ikitulia. Zamani ningerukaruka. Sasa nafikiri tu kwamba wakija wataniuliza unene wa plomb na nguvu ya mashine kwa mapafu na kwa kiuno, nami nitajibu kama ulivyonifundisha, na hawataniuliza lile swali la kamanda, na ndilo peke yake ambalo ningependa mtu aniulize.

Sikumwokoa kwa wema. Nataka ujue hivyo. Ukiwasikia watu huko wakisema Kavira alikuwa jasiri, waambie ukweli, uliniona mwenyewe. Neno lile bado liko mdomoni. Nilitema jingine, hilo limebaki.

Tangu jana bunduki zinalia upande wa kaskazini, na majeruhi wanateremshwa hapa kwa magari, kwa machela, mmoja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Kila machela ikiingia naangalia uso kwanza, kabla ya jeraha. Siku moja utakuwa uso wa kamanda. Najua itakuwa hivyo, kwa sababu hapa wote tunarudi kwenye meza hii moja. Atalala hapo chali, bila gari, bila watu wake, na mimi nitakuwa nyuma ya ukuta na kidole kwenye kitufe, na milango yote imefungwa.

Kwa hiyo lala, Papa Mbusa. Wasingya, asante, kwa yote, hata kwa domo lako lile la kusihi. Barua hii nitaizika kaburini kwako Jumapili, chini kidogo, mvua isiipate. Na ahadi nakupa sasa, ningali naogopa, kwa sababu sina hakika nitaiweza nikingoja hofu iishe. Akiletwa, nitaweka alama ya kulia upande wa kulia wa filamu. Nitamnyoosha kwa upole. Nitamwambia ashike pumzi. Na mashine ikishanyamaza, nitamwambia apumue.

Kavira