Mzee Loishiye Amekubali Kuoga

Mama Nanyaro,

Shikamoo, mwalimu wangu. Huko uliko sidhani kama kuna zamu, lakini habari hii nimeshindwa kukaa nayo: Mzee Loishiye amekubali kuoga.

Wewe hukumkuta. Aliletwa hapa kwenye makao yetu ya wazee wiki chache baada ya kukuzika. Mkorofi, we acha tu. Kila asubuhi nikiingia na beseni la maji ya moto, anajifunika shuka hadi kichwani. Nikatumia heshima zote: "Shikamoo baba. Baba, tuoge basi." Ndiyo kwanza anageukia ukutani. Na godoro limelowa mkojo, ngozi ya kiunoni imeanza wekundu, ule uliosema ukiachwa unageuka kidonda kisichopona. Niliogopa, Mama. Nikakukumbuka mpaka nikakasirika kwamba hupo.

Kisha likanijia neno ulilokuwa ukiniambia nikifanya kazi kwa papara: "Wewe mtoto, tafuta undugu kwanza." Nikajiona mjinga. Nimemwita baba, nimejifanya binti yake, na baba gani wa huku kwetu atakubali kuvuliwa nguo na binti yake? Lakini mjukuu ni mtani.

Kesho yake nikaingia nimeshika kiuno. "Babu, mume wangu, shikamoo. Mimi sikai nyumba moja na mwanaume anayenuka beberu."

Shuka likashuka taratibu, jicho moja likatokea. "Mke gani huyu? Mbona sijakutolea hata mbuzi?"

Tulicheka mpaka maji yakapoa, ikabidi nikachemshe mengine.

Sasa wekundu umekwisha. Nikichelewa kidogo anauliza korido nzima mke wake amelala wapi. Wazee wengine nao wanadai kuogeshwa mapema, eti wasipitwe.

Jumapili binti yake alipanda kuja huku kutoka Nduruma. Mzee aliposikia sauti yake getini akanivuta mkono, akaniuliza polepole, bila utani wowote, "Nanukia vizuri?" Nikamwambia ndiyo. Binti akaingia, akakaa kitandani ubavuni kwake, wakaongea mpaka chai ya jioni. Nilijificha stoo nikalia kwa furaha.

Pumzika, Mama. Kwenye zamu yangu hakuna mzee atakayekunywa chai akiwa amelowa, nakuahidi. Na akija mkaidi mwingine, nitamuuliza kwanza mimi ni nani wake.

Mwanafunzi wako,
Ndeshi