Makaburi ya Ukoo Kwenye Ramani ya Leipzig

Leipzig, 9 Februari 1998

Mjomba Gervas, shikamoo.

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Kifua chako kinaendeleaje?

Ile ramani ya Uluguru ya enzi za Wajerumani tumeshaiingiza kwenye kompyuta, sisi na wenzetu wa chuo cha Dar. Makaburi sita ya ukoo uliyomwonyesha Amani wa chuo nimeyaweka kwa mkono wangu, mimi ambaye sijawahi kufikishwa huko. Ofisi ya ardhi imekubali kwamba mwekezaji wa mawe akipimiwa mlima, kilichomo kwenye ramani hakiguswi.

Mpwa wako, Bernadeta

Bigwa, 30 Machi 1998

Bernadeta mwanangu, marahaba. Kifua kimetulia, namshukuru Mungu.

Barua yako imeninyima raha. Amani nilimdanganya. Mgeni haonyeshwi walipolala wazee wetu, basi nikampeleka kwenye mihogo ya jirani Fransisko nikamwonyesha mawe ya hivihivi. Akabonyeza kifaa chake cha kupimia mahali, nami nikacheka moyoni. Sasa wapima wanapaka miti rangi nyekundu, tena wanaelekea kulekule kwenyewe. Futa hayo uandike ya kweli. Ila ni wapi, siwezi kukuandikia kwenye karatasi inayopita posta.

Mjomba wako, Gervas

Leipzig, 21 Aprili 1998

Mjomba, shikamoo. Nimekasirika, nisikufiche.

Lazima mtu asimame juu ya kila kaburi na kifaa. Likizo yangu ni Desemba, na ramani inakwenda ofisini mwisho wa Juni. Amani yuko tayari kupanda tena. Nakuomba, mjomba.

Bernadeta

Leipzig, 2 Juni 1998

Mjomba, shikamoo. Wiki sita kimya. Unaumwa? Silali vizuri. Nijibu hata mstari mmoja.

Mpwa wako

Bigwa, 14 Juni 1998

Bernadeta, marahaba. Siumwi, ila sina amani moyoni.

Nimempandisha yule kijana. Alivua viatu bila kuambiwa. Kila aliposimama niliwaomba wazee radhi, mmoja mmoja kwa jina. Habari ikafika kwa ukoo. Walikaa Jumapili baada ya misa, wakaamua: “Aliyempeleka mgeni kule, hatazikwa kule.” Sikubishana nao, hilo nililijua kabla ya kupanda. Ndivyo tulivyolelewa.

Vipimo atakutumia kwa kompyuta, vitaitangulia barua hii. Utahesabu makaburi saba. Amani hajakosea. La saba, ubavuni mwa mama yangu, halina mtu. Nilisimama hapo mwenyewe nikamwambia abonyeze.

Usilifute, mwanangu.

Mjomba wako, Gervas