Kitabu Changu Kinatoka Mwezi wa Kumi

Ibaba, Jumapili jioni, Septemba 1953

Hata chai imenishinda. Leo baada ya ibada mwalimu mkuu alisimama nje ya kanisa na gazeti, akawasomea watu orodha ya vitabu vipya vitakavyotoka mwezi wa kumi. Cha tatu ni changu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikajibanza ukutani.

Nilipoandika kisa cha shangazi Tusekile, jinsi alivyoitwa mchawi akafukuzwa kwenye mvua na mtoto mgongoni, sikudhani kingechapwa kweli. Majina nilibadilisha. Lakini hapa kwetu nani asiyejua aliyemfukuza? Ni kaka yake mwenyewe, baba mkubwa, huyu huyu aliyenilea na kunipeleka shule.

Baba mkubwa akanijia polepole na fimbo yake.

"Mwanangu, hicho kitabu kinasema nini?"

"Habari za zamani, baba."

"Za hapa kwetu?"

Nilishindwa kumdanganya. "Ndiyo, baba. Za shangazi."

Alinitazama machoni. Nikaificha mikono ndani ya kanga. Nilijua atanipiga mbele ya watu wote.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Kikifika, usimpe mtu mwingine anisomee. Utanisomea wewe."

Nikaitikia. Ningefanyaje?

Mle nimeandika yote, hata maneno aliyomwambia shangazi pale mlangoni, neno kwa neno. Naogopa hasira yake, ndiyo. Lakini leo nimeyaona macho yake, na naogopa zaidi kwamba atalia.