Mkono Nyuma ya Pazia

Nesta uko wapi?? Acha hiyo kazi, soma hii kwanza 😂

Mume wangu Jofrey karudi sasa hivi kutoka Ndalambo, kalowa jasho chapachapa.

Si unajua kazi yake ya uhudumu wa afya, nyumba kwa nyumba na mashine ya presha. Kaingia nyumba moja, kaambiwa mgonjwa ana aibu, hatoki. Ukachomoza mkono kwenye pazia. Mkono tu!

Akaufunga, akapima. 190 kwa 110. Akashika daftari: "Jina, mama?"

Sauti ikanong'ona:

"Mama Atupele."

MAMA YANGU mzazi, Nesta!! Mama mkwe wake! Ambaye kwa mila zetu hata njiani wanakwepana, wasitazamane usoni wala kusemeshana! Alikuwa kwa dada yake, akaitambua sauti ya mkwewe, akajificha. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga, na zahanati ni mbali.

Jofrey alitaka kukimbia, ila angemwachaje na presha ile? Kageuka, kauambia ukuta: "Wewe ukuta, leo hii uende zahanati. Na chumvi upunguze."

Ukuta, Nesta! Na nyuma ya pazia kukajibiwa: "Ukuta umesikia."

Mimi mwaka mzima namsihi Mama akapime, ananiita mjuaji!

Mama kapiga simu muda huu. Kapanda bodaboda, kafika zahanati, kapewa dawa. Ila anasema mwenye mashine naye apimwe, maana alipokuwa anamvua mashine mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wa mgonjwa.