Kiti cha Dirishani

S.L.P. 63,
Ishiara,
kupitia Embu.
13 Agosti, 1996.

Mpendwa mwanangu Adrian,

Nakuomba radhi kwa kukaa miezi mitano bila kukuandikia. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua hujibiwa kabla ya wiki mbili kwisha, nami nimelivunja somo langu mwenyewe. Sababu utaiona.

Je, hujambo huko Mombasa? Nkirote na mtoto wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako mdogo Teresia anasumbuliwa na goti, lakini ibada hakosi. Mvua ilikatika mapema. Ndengu tumevuna kidogo, na mtama ndege wamekula karibu nusu yake.

Michoro ya samani uliyotutumia ilifika salama, na tuliifuata kama ulivyoagiza. Unakumbuka jinsi ofisi yetu ya ushirika ilivyokuwa: kila karani na kijichumba chake cha plaiwudi, meza imeelekezwa ukutani, na sheria ya kimya, niliyoiandika mimi meneja, imebandikwa mlangoni. Unajua pia kwamba mwezi wa Februari karani wetu Mzee Runji alifia mezani pake mchana, na hakuna aliyetambua mpaka mlinzi alipokwenda kufunga madirisha saa kumi na moja. Ndipo nilipokuomba msaada. Uliniandikia kwamba mtu akiinua macho kazini aone uso wa mwenzake, si ukuta. Basi tulivunja vile vijichumba, tukaagiza meza moja kubwa ya mviringo, na viti vilivyopimwa kwa miguu ya kila mfanyakazi, changu kikiwa kimojawapo.

Faida imeonekana, nami sitaificha. Igoki haumwi tena na mgongo. Ciakuthii na Gedion, ambao hawakusalimiana kwa miaka miwili kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi, sasa wanamegeana viazi vitamu saa ya chai. Hesabu za pamba zinamalizika mapema, na hakuna anayeomba ruhusa ya ugonjwa kila Jumatatu kama zamani.

Sasa nikueleze lililonifunga mkono.

Nilimwagiza Ciakuthii aandike idadi ya viti katika barua ya kumwagizia fundi. Alikataa katakata.

"Mwalimu, watu hawahesabiwi," alisema. "Hata mbuzi hawahesabiwi, sembuse watu! Unataka tuanze kupungua?"

Nilimkaripia, lakini nilikuwa na safari ya Embu, nikamwacha aandike apendavyo. Aliandika: viti vya watu wote wa ofisi hii.

Fundi Kivuti alikuja kutoka Gachoka mwezi wa Aprili, nikiwa bado safarini. Yeye naye hahesabu watu. Hupima kwa kamba ya katani, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na kila mtu hukatiwa kamba yake; yangu nilimpelekea baadaye. Mwezi wa Juni alileta meza na viti vya mbao nzuri za muringa. Sisi tu watu tisa. Viti vilikuwa kumi.

Nilimwambia amekosea. Alicheka.

"Mimi sikosei, Mwalimu. Nimepima miguu. Kamba hizi hapa."

Nilimwuliza kamba iliyokuwa ndefu kuliko zote ilikuwa ya nani.

"Ya yule mzee mrefu aliyeketi dirishani. Si mtu wa maneno. Nilimwambia anyooshe mguu, akanyoosha."

Hatuna mzee mrefu, Adrian. Tuliyekuwa naye tulimzika Februari. Kivuti hakuwa amewahi kumwona.

Nilifikiri makarani watakimbia. Hawakukimbia. Walikisogeza kiti kile upande wa dirisha, na kesho yake nilimkuta Ciakuthii akimimina chai katika vikombe kumi. Nilipotaka kukichukua kile kilichobaki, Gedion alisema, "Mwachie mzee ya kwake, Mwalimu. Wewe kunywa yako." Wote walicheka, kwa upole, kama watu wa nyumba moja. Saa sita kikombe kile kilikuwa kimepungua nusu.

Nimekigusa kiti mara tatu asubuhi, kabla ya mtu mwingine kufika. Jua haliingii upande ule. Kina joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Juma lililopita, wakiwa wameinamia kazi, nilihesabu vichwa kimyakimya. Nilihesabu mara mbili, mimi niliyefundisha hisabati. Bila kujihesabu, nilipata tisa.

Hao wengine hawaogopi. Mimi ndiye ninayeogopa, na ni wewe peke yako utakayejua kwa nini. Barua hii usimsomee mtu, hata Nkirote.

Siku ile ya Februari, saa tano, nilipita penye kijichumba cha Runji, nikamwona amelaza kichwa mezani. Sikumwita. Nilirudi ofisini kwangu, nikaandika onyo la kulala kazini, nikaenda nikaliweka karibu na mkono wake. Vidole vilitikisika. Nilidhani anajifanya. Jioni, mlinzi alipokuwa akiita watu, nililiondoa onyo lile kabla ya mtu kulisoma, nikasema mara ya mwisho nilimwona saa mbili. Daktari alisema alifariki karibu na saa saba.

Kwa meza yako hakuna pa kuficha uso. Popote ninapokihamishia kiti changu, kile cha dirishani kinanielekea.

Jana alikuja Wamuyu, mjane wa Runji, kuchukua koti na miwani ya marehemu. Hakuna aliyemweleza habari za kiti. Aliizunguka meza akitusalimu mmoja mmoja, akafika dirishani, akaweka kiganja juu ya kiti kile, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha aliuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, siku ile ni nani aliyekuwa wa mwisho kumwona mume wangu akiwa hai?"

Nyuso zote zilinigeukia. Sikuthubutu kuzihesabu.

Nilimwambia nitatazama kumbukumbu za ofisi. Aliitikia kwa kichwa. "Tazama, Mwalimu. Nitarudi Alhamisi. Unitengee pa kuketi."

Alhamisi ni keshokutwa, na nafasi iliyo wazi mezani ni moja. Nikisema kweli, nitauacha umeneja na uzee wa kanisa, na sijui Teresia atanitazamaje. Nikisema uongo, nitausema mbele yao wote, huku Wamuyu ameketi pale.

Nisalimie Nkirote na mtoto, na dada yako Makandi ukimwona. Teresia anawasalimu, naye Stephen, jirani yetu, anakushukuru kwa dawa ya macho. Mungu azilinde nyumba zenu na awape kazi isiyowaibisha.

Nikishaamua nitakalomjibu mjane huyu, wewe ndiwe wa kwanza nitakayemwandikia, hata kama ni aibu.

Mimi nikupendaye, baba yako mdogo,

Ishmael Mwaniki